Kabla Hujamuuzia Mteja Vitu vya Bafu, Muulize Maji Yake Yanaenda Wapi

Leo naongea zaidi na sisi tunaouza vitu vya bafuni mtandaoni: shawa, koki, sinki, vioo, marumaru, mapazia ya bafu, vishelfu vya sabuni, hadi zile stika za ukutani. Wa viatu na mikoba kaeni tu, kuna mengine humu yatawafaa.

Iko hivi. Mteja mwenye hela ndogo akiamua kukarabati bafu, hela ya kwanza inakwenda kwenye kile alichokiona kwenye picha. Kioo chenye taa, shawa pana, marumaru za kung'aa. Hela inayobaki ndiyo inayokwenda kwenye sakafu, bomba na fundi, na kwa kawaida haitoshi. Miezi mitatu baadaye bafu linanuka, ukuta wa chumba cha jirani unatoa unyevu, na simu unapigiwa wewe: "Uliniuzia feki." Mwenye kosa anaweza kuwa fundi, inaweza kuwa mteneremko wa sakafu, lakini namba iliyoko kwenye simu yake ni ya kwako.

Mimi nina fremu moja Mbagala, naingia mwaka wa sita sasa. Sikusomea ujenzi wala biashara. Nilimaliza fomu foo nikaenda kubeba maboksi kwenye duka la mjomba Gerezani, na kazi kubwa niliyoifanya pale ilikuwa kusikiliza mafundi wakigombana na wateja. Elimu yangu ya bafu yote imetoka kwenye ule ugomvi. Mwanzoni wateja walikuwa wanauliza, "We dada, hakuna mwanaume humo ndani nimuulize?" Siku hizi wananitumia video.

Na video ndiyo ninayoanza nayo. Mteja akiandika "bei gani hii?", bei namtajia, sifichi bei, sipendi ile tabia ya "njoo inboksi". Lakini akisema anataka kukarabati bafu zima, namtumia ujumbe huu. Uchukueni, badilisheni mnavyotaka:

"Asante sana. Ili nisikuuzie kitu kisichokufaa, naomba unitumie: urefu na upana wa bafu, na urefu wa ukuta. Video ya dakika moja ukimwaga ndoo ya maji sakafuni, uoneshe yanakoelekea. Picha ya pale choo kinapoingia kwenye bomba la maji taka. Tanki lako liko juu ya bafu kwa mita ngapi, na maji unayotumia ni ya DAWASA au ya kisima? Halafu niambie, hela uliyotenga ni ya vifaa tu, au na fundi yumo?"

Hilo swali la mwisho lina maana kuliko yote. Mteja akikwambia "nina laki nane", wewe kichwani unaanza kupanga vitu vya laki nane. Yeye anamaanisha laki nane kila kitu: vifaa, simenti, mchanga, fundi, na nauli ya kirikuu. Ukimuuzia vya laki sita umempa mzigo ambao hataweza kuufunga, utakaa uvunguni mpaka mwakani.

Nitawapa mfano wa mama mmoja wa Chamazi, mwaka jana. Ana nyumba ya kupangisha, bafu na choo vipo pamoja, wapangaji wanachangia. Alinitumia picha ya bafu la hotelini huko ughaibuni.

"Mwanangu, nataka kama hili. Nina laki nane na nusu."

"Shikamoo mama. Hilo bafu la kwenye picha ni kubwa kuliko duka langu."

"Marahaba. Wewe cheka tu, wapangaji wangu wawili wameshaniambia mwezi ujao wanahama. Wanasema bafu linanuka."

Alikuwa ameshachagua vitu kwenye picha zangu: kioo chenye taa, shawa ya sentimita 30, sinki la kioo, na marumaru za kung'aa za 60 kwa 60 za sakafuni. Nilipiga hesabu, ikaja 640,000. Saa tatu asubuhi nina oda ya 640,000 mkononi, na kodi ya fremu inatakiwa wiki inayofuata. Nawaambia ukweli, siku kama hiyo huwa sitamani kumuuliza mtu swali lolote.

Nikamtumia ule ujumbe. Video ilipokuja, nikaona maji ya ndoo yanakwenda kona ya mbali na tundu la kutolea maji. Yanatuama pale, yanagusa ukuta. Upande wa pili wa ukuta ule ni chumba cha mpangaji, na mama mwenyewe akasema huko rangi inabanduka na kuna unga mweupe kama chumvi unatoka chini. Yaani maji ya kuogea yalikuwa yanaingia kwenye ukuta kila siku. Kioo chenye taa kingefanya nini hapo?

Tukapanga upya. Choo chake kilikuwa cha kuchuchumaa, kizima, hakina ufa, tukakiacha. Fundi wa kubomoa sakafu, kuweka mteremko, bomba na marumaru: 250,000. Simenti, mchanga na dawa ya kuzuia maji: 150,000. Trapu ya sakafuni, mabomba, valvu, koki na shawa ndogo: 110,000. Marumaru na grauti: 260,000. Kirikuu: 30,000. Ikabaki 50,000, nikamwambia hiyo usimwambie fundi kama ipo. Jumla ndiyo ile ile 850,000. Hizo ni bei za siku hizo, msije mkanishikia bango.

Kwangu mimi oda ilishuka kutoka 640,000 hadi kama laki nne. Ndiyo hivyo.

Fundi alipovunja sakafu alikuta bomba la kutolea maji ya kuogea limechomekwa moja kwa moja kwenda chemba. Hakuna trapu. Sasa kwa wasiojua: trapu ni ule mpindo unaobakiza maji ndani yake, sentimita 5 hivi, na hayo maji yaliyobaki ndiyo yanayozuia harufu ya chemba isirudi ndani. Bila trapu, bafu linanuka hata ukiweka marumaru za dhahabu. Na trapu ikikauka pia inanuka, ndiyo maana bafu la wageni ambalo halitumiki huwa na harufu. Kwa hiyo mteja akija kukuuliza dawa ya kupuliza ya kuondoa harufu bafuni, kwanza mwambie amwage lita mbili za maji kwenye tundu la sakafuni, asubiri siku moja. Ukimsaidia bure leo, kesho anauliza bei ya kitu.

Mteremko wenyewe hauhitaji kuwa mkubwa. Sentimita 1 mpaka 2 kwa kila mita, kuelekea kwenye tundu. Bafu la mita 2, sakafu ishuke kama sentimita 3 kutoka mlangoni hadi tunduni. Fundi atapima kwa pimamaji, lakini mteja wako anaweza kupima kwa gololi ya mtoto: iweke kila kona, iache, ikielekea tunduni zote nne, safi. Afanye hivyo kabla marumaru hazijawekwa. Zikishawekwa, gololi inakuonesha tu hasara.

Baada ya mteremko kuna dawa ya kuzuia maji, ile inayochanganywa na kupakwa kwa brashi. Mikono miwili, wa pili upite kinyume na wa kwanza, sakafu yote na ukutani ipande angalau sentimita 15 hadi 30, na pale pa kuogea ipande hadi juu ya kichwa. Ikikauka, ziba tundu, jaza maji kidogo, weka alama ya penseli ukutani, subiri saa 24. Maji yakishuka chini ya alama kuna mahali yanapita. Mafundi wengi hawapendi kipimo hiki maana kinawapotezea siku. Mteja wako asisitize, siku moja ya fundi ni bei rahisi kuliko kuvunja tena.

HESABU YA MARUMARU

Hapa ndipo muuzaji anapojulikana kama anajua kazi au anabeba picha za watu. Bafu la yule mama ni mita 1.5 kwa 2. Sakafu ni skwea mita 3. Ukizunguka kuta zote nne unapata mita 7. Mlango ni sentimita 70.

Ukipandisha marumaru mpaka darini, mita 2.4, unapata 16.8. Toa mlango wa mita 2.1, inabaki kama 15.3. Ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika, unafika karibu 17. Kwa marumaru za 25 kwa 40, ambazo vipande 10 ni skwea mita moja, hiyo ni vipande 169.

Sasa fanya hivi: kuta zote zipande mita 1.5 tu, na ile kona ya kuogea peke yake, kuta mbili za sentimita 90 kila moja, ipande mpaka 2.1. Ukutani 10.5, toa mlango, ongeza ile kona, unapata kama 10.5 tena. Na asilimia 10 yake, 11.6. Vipande 116. Umemwokolea vipande 53 na hela ya fundi ya kuviweka. Juu anapaka rangi ya mafuta, inafutika vizuri.

Angalieni kitu hapo. Fundi analipwa kwa skwea mita, na mimi nauza kwa skwea mita. Wote wawili tuna sababu ya kupandisha marumaru mpaka darini, na mteja hana mtu wa kumtetea humo ndani. Fundi wa yule mama alinipigia kabisa, "Dada unaharibu kazi, bafu linapendeza likienda juu." Nikamwambia ni kweli linapendeza, lakini mwenye hela amesema laki nane na nusu.

Sakafuni usimuuzie mtu marumaru za kung'aa. Zikilowa na povu la sabuni ni barafu. Ziwe za uso mkavu, za kukwaruza kidogo, na ziwe ndogo, 30 kwa 30 au chini ya hapo, kwa sababu kipande kidogo kinafuata mteremko bila kukatwa katwa. Kipande cha 60 kwa 60 kwenye bafu la mita moja na nusu fundi atakikata vipande vinne ili maji yaende, sasa ulinunua kikubwa cha nini? Skwea mita 3 na nyongeza yake ni vipande 37 vya 30 kwa 30. Za hapa nchini za viwanda vya Mkuranga na Chalinze zinatosha kabisa kwa kazi hii. Mteja asione aibu.

Halafu boksi. Kila boksi la marumaru lina namba ya toleo la rangi, wengi tunaita shedi, na namba ya kipimo. Maboksi ya picha ileile, jina lilelile, lakini shedi tofauti, yakiwekwa ukuta mmoja utaona mstari kabisa, kama shati lililofuliwa na ambalo halijafuliwa. Sisi wa mtandaoni ndio tunaumizwa zaidi na hili kwa sababu mara nyingi hatuna stoo, tunachukua maboksi matano kwa huyu na mawili kwa yule. Kabla ya kulipia, piga picha upande wa kila boksi wenye namba. Zisipofanana usichukue hata kama mwenye duka anakuapia. Na mwambie mteja achukue vipande vya akiba sasa hivi, vinne au vitano aviweke darini. Mwakani akipasua kimoja, shedi ile haipo tena sokoni.

Wengine watauliza kuhusu kuweka marumaru mpya juu ya za zamani. Inawezekana, na inaokoa gharama ya kubomoa, kama za zamani zimeshika vizuri. Mteja azigonge na sarafu: sauti iliyoshiba ni sawa, sauti ya mtungi mtupu ina maana kipande kimeachia. Ila lazima itumike gundi ya marumaru, simenti ya kawaida haishiki kwenye uso unaoteleza. Na sakafu itapanda kama sentimita moja na nusu, kwa hiyo tundu la maji lipandishwe na mlango ukatwe chini. Kama sakafu ya zamani haina mteremko, usimshauri kabisa. Ni sawa na kuvaa soksi safi juu ya mguu wenye tope.

SHAWA KUBWA NA TANKI FUPI

Malalamiko ninayoyasikia sana kwa wauzaji wa mtandaoni ni hili: "Shawa yako mbovu, inatoa matone." Shawa nzima. Shida ni tanki.

Maji ya tanki yanasukumwa na urefu tu. Kila mita moja ya urefu inakupa baa 0.1 ya presha. Tanki likiwa mita 2 juu ya kichwa cha shawa una baa 0.2, ndogo sana. Zile shawa pana zinazoonekana kama mvua zina matundu mengi, presha ndogo hiyo ikigawanywa matundu yote hayo kila tundu linadondosha machozi. Mteja wa hivyo muuzie shawa ndogo, ya kiganja, yenye matundu machache. Anayetaka kubwa lazima anyanyue tanki au anunue pampu, na umwambie hivyo mapema kabla hajalipa. Mimi shawa za sentimita 30 naziuza, ila chini ya picha nimeandika: "Inahitaji pampu au presha ya juu." Mauzo yake yalipungua kidogo. Za kurudishwa ziliisha kabisa.

Maji ya chumvi nayo ni kesi nyingine. Dar hii sehemu nyingi watu wanatumia visima, na maji yana chumvi. Koki za bei ya chini zinazong'aa kama fedha nyingi ndani si shaba, ni aloi nyepesi iliyopakwa. Chumvi inaila, baada ya muda inaota vipele vya kijani na vyeupe, halafu inakatikia ndani ya ukuta. Kwa mteja wa kisima mwenye bajeti ndogo nashauri koki ya plastiki nzuri, ile nzito. Haina sura, lakini chumvi haina cha kuila. Akitaka ya kung'aa, basi ya shaba halisi, na utaitambua kwa uzito ukiishika mkononi. Muuzaji anayetuma picha ya mtu mwingine bila kuishika bidhaa hajui hili, na mteja atalijua kabla yake.

Shatafu: iwe na valvu yake, na baada ya kutumia valvu ifungwe. Ule mpira haukutengenezwa kukaa na presha saa 24, ukipasuka usiku familia inaamka nyumba imejaa maji. Uza shatafu na valvu pamoja kama kifurushi kimoja, ni hela yako pia.

Kuhusu choo, sitaongea mengi. Mteja mwenye cha kuchuchumaa kizima, na anabana hela, muache nacho. Kubadilisha kwenda cha kukaa si kununua choo tu, ni kubomoa sakafu na kuhamisha bomba la inchi 4, na kwa bafu la wapangaji wengi cha kuchuchumaa watu wengi wanakipenda zaidi maana hakuna kukaa alipokaa mwenzio. Anayeng'ang'ania cha kukaa, muulize tundu lake liko ukutani au sakafuni, kwa sababu vyoo ni aina mbili: kimoja kinatolea nyuma, kingine kinatolea chini. Kwa cha kutolea chini apime kutoka ukuta uliomalizika, pamoja na unene wa marumaru, hadi katikati ya tundu. Hicho kipimo akuandikie kwa sentimita, asikwambie "kawaida". Choo kizito kupita chochote tunachouza, na kukirudisha kwa bodaboda unaomba dua njia nzima. Chukua chenye mikono miwili ya kufulashi, lita 3 na lita 6. Kwa mtu anayenunua maji kwa boza, tofauti na zile tangi za zamani za lita 9 anaiona mwezi huohuo.

Hita ya shawa wateja wanaipenda, lakini wengi hawajui gharama yake. Ile ya wati 5,500 ikiwaka dakika 10 inakula karibu uniti moja ya Luku. Na inavuta kama ampia 24, kwa hiyo inataka waya wake mnene kutoka kwenye meinsiwichi na ethi nzima. Mtu asiifunge kwenye waya wa soketi. Umeme na maji vikikutana bafuni havirudishiwi hela. Kama bajeti haina fundi umeme, mwambie kwa upole asubiri, achemshe maji kwenye ndoo kama tulivyolelewa.

VITU VYA HELA NDOGO VINAVYOBADILISHA SURA

Sio kila mteja anahitaji kubomoa. Kuna bafu ambalo maji yanakwenda vizuri, marumaru zimeshika, tatizo ni sura tu. Huyo ndiye mteja wa sisi wenye mtaji mdogo, na watu wanamdharau.

Muuzie grauti mpya. Ile mistari myeusi kati ya marumaru ikikwanguliwa na kujazwa upya, bafu linarudi miaka kumi nyuma, na vifaa vyake ni vya hela ya chakula cha siku moja au mbili. Kwenye kona, ukuta unapokutana na sakafu, na kuzunguka sinki, aweke silikoni ya bafuni inayozuia ukungu, maana grauti kwenye kona hupasuka nyumba inapotikisika au kutanuka. Badala ya kuta za kioo za kuogea, pazia na bomba lake. Sinki dogo la upana wa sentimita 35 hadi 40 kwa bafu finyu. Kioo cha kawaida kilichokatwa na fundi vioo mtaani kwake, si lazima kitoke kwangu. Taa nyeupe moja nzuri, iwe imeandikwa IP44 ili ivumilie matone. Na dirisha lifunguke. Bafu lisilopumua litaota ukungu hata ukilipamba vipi.

Stika za ukutani? Naziuza. Ila siuzi za kubandika pale pa kuogea wala kwenye ukuta wenye unyevu, zinabanduka na mteja anajua ni stika zako. Upande wa sinki sawa.

Yule mama wa Chamazi wapangaji wake walibaki, mmoja mpaka leo yupo, mwingine alihamia Kigamboni kwa sababu za kazi. Bafu halifanani hata kidogo na ile picha ya hotelini, na aliniambia wazi kwamba alitegemea lingependeza zaidi ya pale. Kile kioo chenye taa alikinunua miezi minne baadaye, kwa muuzaji mwingine wa Instagram aliyekuwa na bei ya chini yangu. Nimekiona, ni kizuri. Valvu za nyumba yake ya pili alichukua kwangu.

La mwisho ni kuhusu kusafirisha. Choo, sinki na marumaru vinavunjika, na ugomvi wa "kilifika kimepasuka" hauna shahidi. Kabla ya kufunga, gonga choo au sinki kwa kifundo cha kidole huku unarekodi video. Kizima kinalia kama kengele, chenye ufa kinatoa sauti iliyokufa. Mtumie mteja video hiyo, kisha mwambie kabla hajasaini kupokea agonge vilevile mbele ya dereva. Marumaru zisimame kwa ubavu kwenye kirikuu, zisilazwe, na zisiwekewe mifuko ya simenti juu. Mzigo wa mkoani kwa basi, weka boksi ndani ya boksi na ujaze karatasi au mabaki ya godoro katikati, halafu piga picha ya risiti ya mzigo na namba ya gari, mtumie mteja kabla basi halijatoka stendi.

Na fundi akimaliza, wakumbushe wateja silikoni ipate saa 24 kabla mtu hajaoga. Watoto wa nyumba ile watalalamika. Waende kwa jirani siku hiyo.